Yai la Kutokosa: Sehemu ya Historia ya Morogoro na Milima ya Uluguru

Walioandika historia ya Waluguru hawakuwa wachache, wala hawakuwa wavivu. Twazijua habari za koo zao zifuatazo upande wa mama. Twazijua habari za Kingalu wa Kinole na sifa yake ya kuleta mvua. Twaujua pia mpango wa matumizi ya ardhi ambao Serikali ya Kiingereza iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima, hata ukazaa ghasia za Matombo mwaka 1955. Young na Fosbrooke walitoa kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, nacho mpaka leo hakina budi kusomwa. Lakini mtu akitaka kujua wale waliochimba matuta walikula nini jua lilipopanda, na ni nani katika nyumba aliyeruhusiwa kula nini, atafunua kurasa nyingi kabla hajapata mstari mmoja. Wanahistoria wameipenda ardhi kuliko chungu.

Katika makala haya nakusudia kukifuata kitu kidogo kuliko ardhi, yaani yai la kuku, tangu kiotani hata chunguni, na tangu chunguni hata katika kituo cha mabasi cha Msamvu. Nataka kuuliza jinsi gani yai lililoivishwa zima, bila kupasuka kaka lake, lilivyopata kuwa chakula cha kila mtu katika nchi ambayo zamani halikuwa chakula cha kila mtu. Msomaji asicheke. Kila mtoto wa Kiswahili amekitegua kitendawili cha nyumba isiyokuwa na mlango. Mpishi wa yai ana kazi ngumu kuliko ya mtoto huyo, maana yeye hutakiwa kuingiza moto ndani ya nyumba hiyo, auivishe ukuta wa ndani na kitu kilichomo kati, kisha atoke bila kuacha ufa.

Kwanza yapasa tumjue kuku. Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Wahenga wake ni kuku wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, naye alifika kwetu kwa njia ya bahari na kwa njia ya mto Naili, kila njia kwa wakati wake. Lini hasa alifika katika pwani yetu ni jambo lililowagombanisha wataalamu. Profesa Felix Chami wa Dar es Salaam alitangaza mwaka 2001 kwamba katika pango la Machaga, kisiwani Unguja, imeonekana mifupa ya kuku katika tabaka za zamani sana, kabla ya kuzaliwa Masihi. Kama ingethibitika hivyo, ingetulazimu kuiandika upya biashara yote ya Bahari ya Hindi. Baadaye wengine waliyachunguza mabaki ya mahali pengine penginepo pwani na visiwani, na Mary Prendergast pamoja na wenzake wakatoa hoja mwaka 2017 kwamba kuku wa kuaminika hawaonekani mpaka karne ya 7 au ya 8, katika miji kama Unguja Ukuu. Mimi naelemea upande huu wa pili, na sababu yangu ni nyepesi: mifupa ya kanga na ya kwale hufanana sana na ya kuku, na ndege hao wamekuwa katika misitu yetu tangu hapo. Mfupa mmoja wa paja hauwezi kubeba merikebu nzima.

Hata hivyo, ilipofika karne ya 14 kuku alikuwa mwenyeji kabisa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, na katika vitoweo vilivyowekwa juu yake alimhesabu kuku. Na jina lake lathibitisha ukongwe wake. Sufuria tumeikopa kwa Waarabu, ambao kwao neno la asili lilikuwa la madini ya shaba ya manjano. Kuku hatukumkopa kwao. Neno lake, kwa sura hii au ile, limetapakaa katika lugha za Kibantu toka huku hata kusini mwa bara. Tena tazama utajiri wa majina tuliyompa: kifaranga na faranga, pora kwa jogoo asiyepevuka, jimbi kwa aliyepevuka, mtetea kwa kuku jike anayekaribia kutaga, tembe kwa aliyekwisha kutaga, koo kwa mama wa vifaranga. Mtu haweki majina mengi hivyo juu ya kitu asichokitazama kila siku. Na yai nalo lina yake: ute, kiini, ganda, na lile neno zuri linalotoweka, kaka, yaani ganda tupu lililobaki baada ya kilichomo kutoka. Likiharibika, lisiweze kuanguliwa, huwa yai viza.

Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo juu ya neno moja zaidi, kwa maana litatufaa baadaye. Siku hizi wote twasema kuchemsha mayai. Katika Kiswahili cha zamani, kama kilivyohifadhiwa katika kamusi za wamishonari, aghalabu maji ndiyo yaliyochemshwa, na chakula kilitokoswa: mtu alitokosa mahindi, alitokosa mihogo, alitokosa mayai. Tofauti hii si ya ulimi tu. Kuchemka ni mwendo wa maji, kule kuruka na kububujika, na ndiyo maana chemchemi huitwa hivyo hata ikiwa maji yake ni baridi kama barafu. Kutokota ni kuiva kwa kitu ndani ya maji. Tumeliacha neno la kuiva tukashika neno la kuruka, na nadhani mayai mengi yamepasuka kwa sababu ya badiliko hilo. Mpishi aliyeambiwa atokose hungojea yai liive. Aliyeambiwa achemshe huchochea moto mpaka maji yacheze ngoma.

Tuingie sasa katika jambo zito. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, wanawake walikatazwa kula mayai, na penginepo kuku mwenyewe. Habari za Baganda zajulikana sana tangu kitabu cha John Roscoe cha 1911. Daktari Hope Trant, aliyefanya kazi Tanganyika, aliandika juu ya miiko ya vyakula ya Afrika ya Mashariki katika jarida la madaktari la London, The Lancet, mwaka 1954. Frederick Simoons alikusanya mifano ya Afrika nzima na ya Asia katika kitabu chake cha 1961. Sababu zitajwazo hutofautiana kutoka nchi hata nchi: hapa husemwa utasa, kule husemwa uzinzi, pengine uzazi mgumu. Kwetu Tanzania, na Morogoro haikosi, ile isikiwayo zaidi ni kwamba mama mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nimekutana na wanafunzi wa chuo kikuu wanaolicheka jambo hilo darasani ambao, mke anapochukua mimba, hawataki kulijaribu.

Madaktari na wamishonari wa zamani walikuwa na neno moja la kulimaliza jambo hili, nalo ni ujinga. Neno hilo ni jepesi mno. Tufanye hesabu. Kuku wa kienyeji, ajitafutiaye chakula jalalani na shambani, hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mzao mmoja, na huzaa hivyo mara 3 au 4 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima, basi, atapata mayai 30 hadi 60. Kati ya hayo mengi yataatamiwa, na kati ya vifaranga watakaototolewa mwewe atachukua wake, kicheche wake, na mdondo ukija utafagia banda zima kwa juma moja. Mithali isemayo kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe, haikutungwa na mtu mwenye mzaha. Kuku aliyepona hayo yote ndiye aliyelipia kodi, aliyempokea mgeni, aliyechinjwa katika tambiko, aliyepelekwa kwa mganga, na baadaye aliyelipa karo ya shule. Nani atakubali mtoto amle jogoo huyo akiwa bado ni ute?

Hoja hii ya akiba ni nzuri, nami naikubali nusu. Nusu ya pili yanikwaa. Kama mwiko ulikuwa wa kuhifadhi vifaranga, ulipaswa kuwafunga watu wote, na mwanamume kwanza, maana tumbo lake ndilo kubwa. Lakini mahali pengi ulipoandikwa twaona umewaangukia wanawake na watoto. Na katika Uluguru jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Ile ni nchi ambayo ukoo hufuata mama na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mwanamke ndiye amwagiaye kuku punje asubuhi, ndiye ajuaye anatagia wapi, ndiye aokotaye mayai na kuyapanga katika tenga pamoja na ndizi na mboga, akashuka nayo kwa miguu kuyauza mjini. Mgeni akifika, ndiye amtokoseaye. Mahali pote yai lilipopita lilipita mikononi mwake, ila kinywani tu lilizuiwa. Na mama huyu, hasa akiwa na mimba au akinyonyesha, ndiye katika nyumba nzima aliyezihitaji zaidi gramu 6 hivi za protini zilizomo katika yai moja. Baada ya Uhuru Serikali ililishika jambo la lishe kwa nguvu: Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyosikilizwa redioni katika vikundi nchi nzima. Tangu hapo kila mtoto wa shule amejua kwamba yai ni chakula cha kujenga mwili. Lakini sidhani kwamba redio pekee ndiyo iliyouvunja mwiko. Nitaeleza sababu yangu nikifika barabarani.

Kabla ya barabara kulikuwa na njia za misafara. Burton na Speke mwaka 1857 walipita Zungomero, upande wa kusini-mashariki wa milima, na Stanley mwaka 1871 alipita upande wa kaskazini, akautazama kwa mshangao mji wa Simbamwenni, wenye kuta na minara, ulioanzishwa na Kisabengo mahali ambapo leo ni Morogoro. Misafara hiyo ilinunua vyakula vya wenyeji kwa merikani na ushanga, na kuku alikuwa miongoni mwavyo, maana ni nyama ambayo hutembea yenyewe au hufungwa juu ya mzigo bila kuoza. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotua Bagamoyo mwaka 1868, wakaingia Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro, na Matombo mwaka 1897. Mmoja wa shirika lao, Padre Charles Sacleux, ndiye aliyetuachia kamusi ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa tangu 1939. Reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwezi wa Agosti 1916 Waingereza waliingia mjini, na majeshi ya von Lettow-Vorbeck yakarudi nyuma kupitia milimani kuelekea Kisaki. Sitaki kukaa juu ya vita hiyo. Yatosha kusema kwamba majeshi mawili yenye njaa hayapiti katika nchi ya kuku yakawaacha kuku.

Reli ndiyo iliyoleta kitu kipya, yaani abiria. Mwenda kwa miguu hupika alalapo. Abiria hawezi kupika, wala hana chungu, wala hajui gari litasimama muda gani, na chakula atakachouziwa dirishani ni lazima kiwe kimekwisha kuiva, kiwe safi bila kunawa, kibebeke bila sahani, na kisimwagike. Mwenyezi Mungu amekwisha kukifunga chakula cha namna hiyo katika karatasi yake. Yai lililoiva katika ganda zima haliingiwi na inzi wala vumbi, na muuzaji hana haja ya kuliosha kila saa. Lakini sifa hizo zote hutegemea sharti moja, kwamba ganda lisiwe na ufa. Likipasuka, ute hutoka na kufanya nyuzi nyeupe za kuchukiza, maji huingia, uchafu nao huingia, na mnunuzi huligeuza mkononi mara moja akalirudisha. Hapa ndipo ufundi wa kutokosa ulipogeuka kutoka jambo la adabu ya nyumbani, likawa jambo la faida na hasara.

Barabara iliongeza. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao wa dhuluma mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta, nayo mafuta yakaanza kupita kwa magari kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro na Iringa, katika barabara ambayo madereva waliipa jina la njia ya Jehanamu. Kisha barabara hiyo ikatiwa lami, ikawa njia kuu ya nchi mpaka leo. Morogoro ipo kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam, yaani mwendo wa kutosha kabisa kumtia mtu njaa bila kumfikisha kwenye chakula kamili. Atakayesimama Msamvu leo atawaona vijana na akina mama na trei zao, mayai yamepangwa, chumvi katika kikaratasi, kachumbari na pilipili katika kikopo, wakiyanyanyua juu ya vichwa mpaka madirishani mwa mabasi.

Tumfanyie muuzaji huyo hesabu yake. Trei moja ni mayai 30. Tuseme amelinunua kila yai kwa sehemu 4 na ataliuza kwa sehemu 5. Mtaji wake ni sehemu 120, na akiuza yote atapata 150. Yakipasuka mayai 6 tu katika sufuria, atabakiwa na 24, na mauzo yake yatakuwa 120 kamili: amerudisha fedha yake, na kazi ya siku nzima, mkaa na chumvi vimekwenda bure. Wapo wasemao kwamba kupika mayai hakuna elimu. Elimu yake ndiyo hiyo, na huyu aliyekosa mayai 6 ameshindwa mtihani kwa njaa ya watoto wake.

Basi yai hupasuka kwa sababu gani? Ganda lake ni chokaa karibu yote, kiasi cha asilimia 94, na unene wake ni kama theluthi moja ya milimita. Lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, elfu 7 hata elfu 17, ambavyo kwavyo yai hupumua. Upande wake butu, kati ya ngozi mbili nyembamba, mna chumba cha hewa. Hewa hiyo ikipashwa moto kutoka nyuzi 25 mpaka nyuzi 95 hutaka kuongezeka ukubwa kwa karibu robo. Ikipewa muda, hutoka polepole katika vile vitundu. Ndivyo vipovu tuvionavyo vikipanda kama ushanga kutoka upande butu. Isipopewa muda, husukuma ukuta. Kadhalika ganda lenyewe likitumbukizwa ghafula katika maji yanayochemka, uso wake wa nje hutanuka kabla ya wa ndani. Na juu ya yote hayo, maji yanayoruka huliinua yai na kuligonga sakafu ya chombo na vichwa vya wenzake.

Kwa ajili hiyo nasema kwamba chungu kilikuwa mwalimu mzuri kuliko sufuria. Chungu cha udongo, kazi ya mikono ya wanawake, hupata moto polepole, na yai lililowekwa humo pamoja na maji baridi hupanda joto hatua kwa hatua pamoja na maji yake. Hewa hupata muda wa kutoka. Chungu hakipendi moto wa haraka, maana chenyewe kitapasuka, kwa hiyo kilimfundisha mpishi subira kwa kumtisha na hasara yake. Sufuria ya bati, iliyoenea kwa maduka ya Wahindi na bei yake nafuu, huchemka upesi, na chini yake ni kukali kama kikaango. Watu wa sokoni wamegundua dawa zao: kutandika kitambaa au majani chini ya sufuria, kutoyajaza mayai mpaka yabanane, kuyaanzisha katika maji baridi, na mara maji yaanzapo kuchemka kuupunguza mkaa. Wengine hutia chumvi au ndimu. Chumvi haizuii ufa, ijapokuwa wengi huamini hivyo. Huugandisha upesi ute unaotaka kutoka, ukawa kizibo, na kwa muuzaji hiyo ni nusu ya faida. Wengine hutoboa upande butu kwa sindano. Njia hiyo hufaa kwa mkono mwepesi, na kwa mkono mzito hufanya kazi ya moto kabla ya moto.

Milima nayo ina neno lake. Mji wa Morogoro upo mita 500 hivi juu ya bahari, na hapo maji huchemka katika nyuzi 98. Nyandira katika Mgeta, kwenye mita 1,600 hivi, huchemka katika nyuzi 95 au chini kidogo, na mtu angebeba sufuria mpaka kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100, angeyaona yakichemka katika nyuzi 93. Maji yale yanaruka kwa ukali ule ule, lakini joto si lile. Yai huiva hata hivyo, kwa maana ute huanza kuganda katika nyuzi 62 na kiini hushikana chini ya nyuzi 70. Ila dakika 10 za Dar es Salaam hazitoshi kule, na mpishi wa mjini apandaye milimani, akiona yai lake halijakomaa, huongeza moto. Moto hauongezi joto la maji yanayochemka, huongeza kuruka kwake tu. Hapo mayai hugongana. Mwenyeji hakusoma jambo hili popote, naye huliacha yai ndani muda mrefu zaidi, akaenda kupalilia.

Jambo lingine ni kuku mwenyewe. Chini ya milima hiyo kilianzishwa chuo cha kilimo mwaka 1965, kikawa Kitivo cha Kilimo cha chuo cha Dar es Salaam mwaka 1969, na mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wataalamu wake wameandika sana juu ya kuku wa kienyeji, wakawaainisha kwa majina kama Kuchi, Ching'wekwe na Morogoro wa wastani, na wamefanya utafiti juu ya mdondo na chanjo yake ya I-2, ambayo huvumilia joto na hutiwa kwa tone la jicho. Yai la kuku hao ni dogo, gramu 40 au zaidi kidogo, na kwa udogo wake ganda hulitosha. Kuku wa kisasa hutaga mayai 250 hata 300 kwa mwaka, kila moja gramu 60 hivi, na kadiri azeekavyo yai hukua na ganda huwa jembamba. Wakati wa joto kali hali huzidi, kwa sababu kuku ahemaye sana hupoteza hewa ya ukaa katika damu yake, na bila hiyo hawezi kulijenga ganda vizuri. Muuzaji wa Msamvu alalamikaye kwamba mayai ya miezi ya jua hupasuka zaidi anasema kweli ya kitaalamu.

Naye ana fumbo moja ambalo wasomi hawajamtegulia vema. Yai linaloanzishwa katika maji baridi halipasuki, lakini huganda na ngozi yake, likamenyeka vibaya. Yai linaloanzishwa katika maji ya moto humenyeka kama ndizi, lakini ndilo lipasukalo. Njia ya wazoefu ni kuyaacha mayai yakae siku kadhaa kabla ya kuyapika. Yai likikaa, hewa ya ukaa hutoka katika ute wake, uchachu ukapungua, na ute ukaachana na ngozi. Kwa hiyo yai bichi la jana, ambalo mnunuzi wa mjini hulisifu, ndilo baya kuliko yote kwa kutokosa. Halafu mayai yaliyoiva hutiwa katika maji baridi upesi, wala si kwa ajili ya kumenya tu. Yakiachwa katika moto, ile salfa ya ute hukutana na chuma cha kiini, na kiini huvaa ukanda wa kijani kibichi. Haudhuru mtu, lakini msafiri akiuona hudhani ameuziwa yai viza, na basi limekwisha kuondoka.

Nilisema nitarudi kwenye mwiko. Naona mwiko wa mayai ulikuwa na nguvu katika nyumba kwa sababu kila yai la nyumbani lina kuku nyuma yake. Kila mtu amjua mama yake, ajua kiota chake, ajua angekuwa mtetea au jogoo wa kumlipia mtu deni. Na kaka lililotupwa jalalani ni shahidi asiyenyamaza, mama mkwe hulihesabu. Yai la Msamvu halina kiota. Limetoka katika banda la kuku elfu ambao hawajamwona jogoo, na hata likiatamiwa mwezi mzima halitatoa kifaranga. Limenunuliwa kwa fedha, limemenywa dirishani, na kaka lake limebaki barabarani kilomita 20 nyuma. Mwanamke alilaye hamnyang'anyi mtu jogoo, wala hakuna wa kumwona. Vitabu vya lishe vilimpa sababu ya kulila, na kituo cha mabasi kikampa nafasi. Ndiyo maana utawaona akina mama waliokataa yai kwa heshima katika nyumba za wakwe, wakilichovya katika chumvi wakiwa safarini, na kumgawia mtoto aliye mapajani kiini.

Na mwendo wa yai lenyewe umegeuka. Zamani lilishuka kutoka milimani katika tenga, juu ya kichwa cha mwanamke. Siku hizi trei za mayai ya kisasa hupanda Mgeta kwa magari na pikipiki, katika barabara ile ile yenye kona na makorongo ambayo hushusha kabichi na viazi. Njiani hutikisika, na yale yaliyopata nyufa zisizoonekana hufika madukani pamoja na mazima. Mpishi wa kule, kabla hajayatia sufuriani, huchukua mawili mawili akayagonganisha taratibu karibu na sikio. Mazima hutoa mlio mkali. Lenye ufa hutoa sauti nzito, nalo hutengwa kwa kukaangwa.